Moshi Huu Umetoka Wapi? Namna ya kufuata njia ya hewa ukiwa Kigoma

Kila mwaka ikifika Agosti, milima ya Congo inapotea. Ukisimama ufukwe wa Kibirizi asubuhi, mahali pale pale ulipoiona wazi mwezi wa tatu mvua ilipokata, unakuta weupe mtupu juu ya maji. Jioni jua linakuwa jekundu mpaka kulitazama hakuumizi macho. Akina mama wanaogeuza dagaa kwenye vichanja wanajifunga khanga puani, na ukiwauliza moshi unatoka wapi, jibu liko mdomoni: wanachoma huko ng'ambo.

Nami nilikuwa najibu hivyo hivyo mpaka nilipoanza kufuatilia. Kuanzia Juni hadi Septemba, pepo zinazotawala ukanda huu ni za kusini-mashariki. Zinapita Tabora, Katavi na Uvinza kabla ya kutufikia, halafu ndiyo zinavuka ziwa kwenda Congo. Kwa hesabu hiyo, mara nyingi sisi ndio tunaowapelekea wenzetu. Lakini "mara nyingi" haimsaidii mtu aliyekohoa Jumanne na anataka kujua ya Jumanne. Kwa siku moja mahususi kuna njia ya kuuliza hewa yenyewe imepita wapi, na njia hiyo iko wazi kwa mwalimu wa sekondari, ofisa mazingira wa kata, mwanafunzi, au mtu yeyote mwenye simu na subira.

Njia ya hewa ni kitu gani

Chukua jani linaloelea pale Malagarasi inapoingia ziwani. Kama unajua maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi gani kila saa, katika kila kipande cha mto, unaweza kulirudisha jani nyuma kwa hesabu: saa moja iliyopita lilikuwa hapa, saa sita zilizopita kule juu, jana mchana lilikuwa Uvinza. Hewa inarudishwa vivyo hivyo, ila mto wake hauna kingo na una ghorofa. Upepo wa chini unaweza kuwa unakwenda magharibi huku ule wa kilomita tatu juu yake unakwenda kusini.

Hesabu hiyo hufanyi kwa mkono. Programu inayotumika sana inaitwa HYSPLIT, ya maabara ya NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa. Inatumika bure mtandaoni, na bando la kawaida linatosha kupata ramani moja moja. Inakula kumbukumbu za upepo wa dunia nzima zilizopangwa kwenye gridi, yaani vyumba vya mraba, na kila chumba kina upepo wake kwa kila saa chache na kwa kila kimo. Wewe unaipa mahali, kimo na saa. Yenyewe inakurudishia mstari.

Anza na daftari

Watu wengi wanakimbilia ramani. Ramani haina thamani kama hujui saa. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Jumanne. Saa 12 asubuhi, harufu ya nyasi zilizoungua, macho yanawasha. Hakuna majivu. Milima haionekani, hata Bangwe inaonekana kwa shida. Bendera ya shule imelala. Saa 5 upepo umeanza kutoka ziwani. Saa 8 hali mbaya kuliko asubuhi." Maneno machache, lakini yana kila kinachohitajika: muda, harufu, majivu, umbali wa kuona, upepo wa chini, na mabadiliko ndani ya siku.

Sasa geuza saa. Programu hizi zinasoma saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu, na sisi tunahesabu saa zetu kuanzia macheo. Hapo makosa mawili yanaweza kukaa juu ya moja. Kanuni yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana: saa ya mchana kwa Kiswahili, ongeza 3. Saa 8 mchana ni 11 ya Greenwich. Saa 12 asubuhi ndiyo ya kuangalia, maana ni mwanzo wa siku, ihesabu kama sifuri. Sifuri ongeza 3 ni 03. Kwa usiku ongeza 15, na ikifika 24 au kuzidi toa 24: saa 2 usiku ni 17, saa 10 alfajiri ni 01.

Nalisisitiza hili kwa sababu nililikosea mwenyewe. Niliandika 8 kwa moshi wa saa 8 mchana, na programu ikaanza hesabu saa 5 asubuhi, wakati upepo wa ziwani ndiyo kwanza unaamka. Mstari ukatoka mzuri, ukaenda upande ambao si wake, nami nikauamini wiki nzima na kuwaonyesha watu.

Ondoa kwanza moshi wa nyumbani

Kabla ya kuutafuta moto wa mbali, hakikisha huo moshi si wa mtaa wako. Siku moja pale vichanjani, baada ya shikamoo na marahaba, mama mmoja aliniita nione kilichoangukia dagaa wake. Kilikuwa kipande cheusi cha jani la nyasi, urefu wa ukucha, mishipa yake bado inaonekana, na nilipokigusa kikawa unga. Kipande cha namna hiyo ni kizito. Hakikai angani siku mbili. Kiliinuliwa na moto wa karibu, kikaanguka. Hapakuwa na haja ya HYSPLIT siku hiyo. Ilitosha kutazama kilima cha nyuma yetu.

Moshi wa mbali una tabia nyingine. Hauangushi majivu ya kuonekana, harufu yake imepoa, na unatanda sawasawa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi kwa wakati mmoja. Moshi wa nyumbani hupanda mara mbili kwa siku, asubuhi watu wanapowasha majiko na jioni wanapopika tena, kisha unashuka. Ukiwa na kipimo cha chembechembe, hata kile cha bei nafuu kinachotumia mwanga wa leza, utaziona nundu hizo mbili waziwazi. Moshi wa mbali hauna nundu: unapanda na kukaa, hata saa 9 usiku wakati hakuna jiko linalowaka.

Vipimo hivyo vya leza vina udhaifu mmoja unaotuhusu sana watu wa pwani ya ziwa. Chembe zikinyonya unyevu zinavimba, na kipimo kinaziona kubwa kuliko zilivyo, kwa hiyo asubuhi yenye umande namba inapanda bila moshi kuongezeka. Linganisha na saa za mchana unyevu ukiwa umeshuka. Kwa kupima uzito wa tatizo, Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 za chembe ndogo, zile za PM2.5, katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Jalala linalofuka, tanuri la matofali, tanuri la mkaa, shamba linalosafishwa: viorodheshe vyote unavyovijua ndani ya mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Hivi ndivyo vinavyotusumbua mwaka mzima, na ndivyo vilivyo karibu na mkono wetu.

Weka mahali, kimo na saa

Kigoma mjini iko latitudo 4.88 kusini na longitudo 29.63 mashariki. Kusini kunaandikwa kwa alama ya kutoa: -4.88. Ukiisahau, utaanza hesabu kaskazini ya ikweta, na programu haitakulalamikia. Tabora mjini ni karibu -5.02 na 32.82. Chagua kumbukumbu za siku zilizopita, si utabiri, kisha badilisha mwelekeo uwe Backward, maana programu yenyewe huanza ikiwa imewekwa kwenda mbele.

Uchaguzi wa kumbukumbu za upepo ndio unaoamua kama kazi yako ina maana. Zile za zamani zinarudi hadi 1948, lakini chumba chake kimoja kina digrii 2.5 kila upande. Nyingine zina chumba cha digrii 1, yaani kilomita 111 hivi. Zipo pia za robo digrii, karibu kilomita 28, kuanzia 2019. Sasa pima na ziwa letu: Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 na zaidi, lakini upana wake ni kama 50 kwa wastani na haufiki 75 popote. Ndani ya chumba cha kilomita 111 upana wote wa ziwa unamezwa, maji pamoja na milima ya pande zote mbili, vikageuzwa tambarare moja. Kwa Kigoma tumia robo digrii kila unapoweza. Kwa Tabora, ambako nchi imelala na hakuna ziwa, digrii 1 inavumilika.

Vimo weka vitatu kwa mpigo: mita 100, 500 na 1,500 juu ya ardhi. Ule wa 500 ndio wa kuuegemea kwa moshi uliochanganyika vizuri mchana. Ule wa 100 uutazame kwa tahadhari, kwa sababu ardhi ya modeli, yaani ile dunia ya hesabu iliyo ndani ya programu, imesawazishwa. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya bahari na vilima vinainuka mara moja nyuma ya mji, lakini modeli inaona wastani wa vyote. Mita 100 za modeli si mita 100 za Kibirizi. Muda wa kurudi nyuma, saa 48 hadi 72. Zaidi ya hapo unajifurahisha.

Omba pia ikuonyeshe mvua njiani. Hewa iliyopita ndani ya mvua kubwa imeoshwa, na moto uliokuwa nyuma ya mvua hiyo hauna sehemu kubwa katika moshi wako hata kama mstari unaugusa.

Kusoma mchoro

Utapata nyota mahali ulipo na mistari mitatu ya rangi, mmoja kwa kila kimo. Juu ya kila mstari kuna alama kwa kila saa kadhaa. Alama zikiwa zimebanana, hewa ilikuwa inatambaa. Zikiachana, ilikuwa inakimbia. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ni kilomita 18 kwa saa. Kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 355, kwa hiyo kwa kasi hiyo hewa inachukua karibu saa 20. Moto wa Tabora wa saa 8 mchana unaweza kuamsha kikohozi Kigoma kesho yake saa 4 asubuhi.

Chini ya ramani kuna kisanduku kinachoonyesha kimo cha mistari njiani. Wengi hawakitazami, na ndicho chenye ushahidi. Mstari ukipita juu ya moto ukiwa mita 4,000 angani, haujabeba chochote kutoka pale, maana moshi wa nyasi kwa kawaida hauchanganyiki hadi huko. Mchana wa kiangazi, juu ya nyanda za Tabora zilizopata jua kali, hewa hupikika na kuchanganyika hadi kilomita 2 au zaidi. Usiku tabaka hilo linakufa, na moshi wa chini unabaki chini. Kwa hiyo jiulize mstari ulikuwa kimo gani, na ilikuwa mchana au usiku huko ulikopita.

Mistari mitatu ikienda pamoja, pumua, una jibu la maana. Ikitawanyika kama vidole vya mkono, andika kuwa siku hiyo haikuamuliwa. Kuna namna ya kuomba mistari 27 kwa mara moja, ambapo programu inausogeza upepo kidogo huku na huku na kurudia hesabu. Anzia kimo kisichopungua mita 250, na utaona kama njia yako ni barabara au ni vumbi tu.

Hata mstari mzuri una makosa ya kama asilimia 20 ya umbali uliosafiri. Chukua bikari. Mstari ukiwa umetembea kilomita 100, chora duara la nusu kipenyo cha kilomita 20 kwenye ncha yake. Ukiwa umetembea 500, duara lako lina nusu kipenyo cha 100, na ndani yake kuna wilaya nzima. Nimewahi kuona vijana wa matofali wakizimiwa tanuri kwa moshi ambao siku ile ile ulikuwa umetanda mpaka Kasulu. Aliyetoa amri alikuwa na ramani mkononi, na mstari ulipita juu ya tanuri lao. Ulipita pia juu ya vijiji vingine vingi.

Ziwa, mahali modeli inapochoka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mkazi wa Kigoma anapoijua hewa yake kuliko kompyuta.

Mchana ardhi inapata moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inainuka, ya ziwani inaingia kuziba pengo, na ndio upepo wa ziwani tunaousikia kuanzia saa 5 hivi. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa, hewa baridi inateremka kutoka vilimani, inapita mjini na kwenda kulala juu ya maji. Wavuvi wanaotoka jioni wanaujua upepo huo kwa ngozi.

Sasa fikiria moshi uliowashwa na sisi wenyewe jioni: majiko, majalala, moto wa vilimani. Usiku unateremka, unavuka ufukwe, unatanda juu ya ziwa. Kesho yake saa 5 upepo unageuka na kuurudisha. Mtu aliyesimama Kibirizi anauona ukitoka magharibi, juu ya maji, upande wa Congo kabisa, na macho yake hayamdanganyi kuhusu upande. Lakini moshi huo uliondoka hapa hapa jana usiku. Rudi kwenye ukurasa wa daftari langu: bendera imelala alfajiri, upepo wa ziwani saa 5, hali mbaya zaidi saa 8. Umbo lake ni la mzunguko huo.

Modeli ya kilomita 28 inauona mzunguko huu nusunusu, ile ya kilomita 111 haiuoni kabisa. Dawa yake ni kuanzisha mistari minne kwa siku moja: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kisha ilinganishe na upepo wa kweli wa ardhini. Kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kipo uwanja wa ndege, na kumbuka kuwa upepo unatajwa kwa upande unakotoka, si unakokwenda. Modeli ikisema mashariki wakati bendera ya shule inaelekeza bara, yaani upepo unatoka ziwani, amini bendera kwa kilomita 30 za kwanza na amini modeli kwa safari ndefu iliyotangulia.

Tafuta moto uliowaka wakati hewa inapita

Setilaiti zinaona joto. NASA inaweka nukta za moto kwenye ramani ya bure iitwayo FIRMS, saa chache baada ya setilaiti kupita. Kipimo kiitwacho VIIRS kina nukta za mita 375, kile cha MODIS ni kilomita 1, na nukta ni katikati ya eneo lililoonwa, si mahali penyewe moto ulipo kwa hatua.

VIIRS hupita kwenye saa 7 na nusu mchana na saa 7 na nusu usiku kwa saa ya jua. Lakini Kigoma jua liko nyuma ya saa zetu za ukutani kwa karibu saa nzima, kwa sababu tuko magharibi kabisa ya nchi. Utosi wa jua hapa ni karibu saa 7 mchana. Kwa hiyo hesabu saa 8 na nusu, mchana na usiku, kwa kukadiria. Moto uliowashwa saa 10 jioni na kuzimika saa 2 usiku unaweza usionekane kabisa. Wingu linaficha. Tanuri la mkaa lililofukiwa udongo halionekani. Mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo na Kaliua, pamoja na kuni zote yanazokula, ni moto wa ndani ya nyumba. Ramani tupu haimaanishi hakuna aliyechoma.

Weka ramani ya nukta chini ya mstari wako, kisha pita na maswali matatu kwa kila kundi la nukta: liko ndani ya duara la makosa? Liliwaka saa ile hewa ilipokuwa pale, si kesho yake? Na mstari ulikuwa chini kiasi cha kuupokea moshi? Likikosa moja, lifute kwa penseli.

Chanzo kingine cha kukumbuka ni Nyiragongo, karibu na Goma, kilomita 370 hivi kaskazini yetu. Volkano ile ina kimo cha mita 3,470 na inatoa gesi ya salfa, ambayo setilaiti ya Sentinel-5P imekuwa ikiiona tangu kurushwa 2017. Pepo za mashariki huipeleka zaidi ndani ya Congo. Ukitaka kuichunguza, anzisha mstari wa mita 2,500 na kuendelea. Wa mita 100 hautakuambia lolote kuihusu.

Siku moja haitoshi

Chora ramani ya mkoa na jirani zake kwenye karatasi kubwa yenye miraba ya nusu digrii. Kwa kila siku ya msimu, chafu au safi, tia alama kwenye kila mraba ambao mstari umepita. Siku chafu tumia kalamu nyekundu, safi ya bluu. Mwisho wa msimu, kwa kila mraba gawanya nyekundu kwa jumla ya alama zote. Mraba wenye 18 nyekundu kati ya 20 una neno la kusema. Wenye 2 kati ya 2 hauna, hata kama hesabu inatoa moja kamili, kwa hiyo iache miraba yenye alama chini ya kumi. Miraba inayozunguka Kigoma yenyewe itajaa wino tu kwa sababu kila mstari unaishia hapo. Usiihukumu kwa njia hii. Siku safi ni muhimu kama chafu, na ndizo watu wanazosahau kuandika kwa sababu hakuna aliyekohoa.

Ukishapata mraba mmoja au miwili inayojirudia, funga kompyuta na piga simu. Tafuta mtendaji wa kijiji kilichomo, au mwalimu, au dereva wa lori anayepita njia hiyo. Usianze na neno moshi wala neno kosa. Uliza nyasi za malisho huko huchomwa lini, shamba jipya lilisafishwa wiki gani, moto wa Jumatatu ulianza saa ngapi na ulielekea wapi. Wataikumbuka saa kwa jua na kwa adhana, kwa hiyo iandike kama walivyoisema, kisha ongeza 3.